Tai wa Mama Kola

Asubuhi, kabla ya kuwasha pasi, Mama Kola alifungua kitambaa alichofungia sarafu ya Kijerumani aliyoachiwa na babu yake, akakuta tai ameshatoka. Upande wa pili ile namba moja ilikuwepo, na majani yaliyoizunguka. Upande wa tai palibaki patupu, laini kama ukucha. Akafunga kitambaa, akakirudisha kifuani, akanyunyizia maji shati la kwanza.

Tai alikuwa na mazoea hayo tangu enzi za babu. Alfajiri anabanduka, anakwenda kuwinda; jua likizama anarudi kujilaza mahali pake, mbawa wazi. Kwa ukubwa hakumzidi nyuki, kwa hiyo mawindo yake yalikuwa mbu, na chumba cha Mama Kola hakikuhitaji chandarua.

Mama Kola asingefikiria kuiuza sarafu hiyo kama si meno. Ya mbele yalikuwa yameng'oka yote, na bosi wa duka la dobi akamwondoa kaunta, akamtupa chumba cha nyuma, kwenye mvuke, akisema wateja hawataki kupokewa na pengo. "Weka meno, urudi mbele," alimwambia. Mbele kulikuwa na feni na watu wa kuongea nao. Nyuma kulikuwa na mashati tu, na shati hata ulitegee kitendawili namna gani, halijibu.

Mtaani palikuwa na muuza sarafu za zamani. Watu walisema sarafu za Kijerumani, kwa kuwa hazitumiki tena popote, wakusanyaji wanazitafuta kwa udi na uvumba, na moja tu yaweza kununua meno ya kinywa kizima ikabakiza na nauli. Mama Kola akaenda. Muuza sarafu akaigeuza ile sarafu, akaigeuza tena.

"Mama, hapa pana namba tu. Tai yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Basi njoo naye."

Hapo ndipo ikawa kazi. Duka la sarafu linafunguliwa tai ameshaondoka, linafungwa hajarudi. Muuza sarafu alikataa kusubiri jua lizame. Alisema naye ana watoto nyumbani. Wifi yake, mke wa kaka yake waliyekaa naye nyumba moja, akashauri tai afungiwe kwenye kopo. Kulipokucha kopo lilikuwa limefungwa vilevile, na tai hayumo.

Kilichomzuia kutoka kilikuwa mvua tu. Mama Kola akaanza kusubiri mvua. Ya kwanza ikanyesha Jumapili, duka limefungwa. Ya pili ilianza vizuri, lakini ikakatika yeye akiwa mlangoni kwa muuza sarafu. Tai akamponyoka kati ya vidole, akapita juu ya kibao cha duka bila kugeuka nyuma.

"Na wewe!" Mama Kola akamfokea. "Hata haya huna?"

Ya tatu ilikuwa mvua ya kweli. Aliacha lundo la mashati, bosi akimpigia kelele mgongoni, akafika dukani ameloa chepechepe na tai yumo. Muuza sarafu akaweka lenzi jichoni.

"Ndiye huyu," alisema. "Ila katumika huyu. Manyoya yamesagika, kichwa kimelika. Wakusanyaji wanataka ambayo haijashikwa."

"Lakini huyu anaruka."

"Hapo ndipo penye tatizo, mama. Kuruka ndiko kulikommaliza."

Akamwonyesha kabati la kioo. Sarafu za namna ileile zilipangwa juu ya kitambaa cheusi, zinang'aa, kila unyoya unahesabika. Tai wa sarafu hizo walikuwa macho lakini hawakujitikisa. Muuza sarafu alisema hawakuwahi kujifunza kuruka. Bei ya moja tu ingemwekea meno Mama Kola, na wifi, na bosi mwenyewe kama angetaka.

"Zimekaaje nzuri hivi?"

"Hazikutoka sandukuni. Zilikuwa za bwana mmoja mwenye ghala la magunia. Makuli wake aliwalipa mojamoja, nyingine akawaambia wasubiri. Vita vikaja, pesa ikafutwa, wakabaki wanasubiri. Wajukuu zake ndio walioniletea. Bahati njema, maana wangelipwa zingesagika zote."

Mama Kola akasema babu yake alikuwa kuli wa ghala hilo, na alisubiri mpaka anakata roho. Tai akanyanyuka kwenye sarafu, akatua juu ya kioo, akagonga kwa mdomo. Wale wa ndani wakamtazama.

"Inawezekana," alisema muuza sarafu, akafuta alama ya mdomo kwenye kioo. "Lakini mimi nimezinunua, sikuziokota. Hiyo yako nitaipima kama madini."

Walibishana mpaka mvua ikakatika. Tai akatoka mlangoni kwenda zake. Muuza sarafu akasema si kitu, mizani haipimi tai. Uzito wa sarafu ulitosha jino moja. Mama Kola akaiacha, akachukua pesa.

Jioni wifi alimkuta kibarazani amevimba kwa hasira.

"Kitendawili!" Mama Kola akasema.

"Tega."

"Aliyefanya kazi hana bei, aliyelala ndiye mwenye bei."

"Kaka yako! Kalala tangu asubuhi. Ila bei hana."

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua wa bosi wako, na mvuke wake."

Kabla mji haujapokelewa, tai alirudi. Akazunguka kifuani kwa Mama Kola, akakuta kitambaa kitupu, akazunguka tena. Mama Kola akapekua mkebe wa vifungo vinavyokatika kazini, akamtolea cha koti, cheusi, kipana. Tai akakipima kwa kucha, akajilaza, akanyoosha mbawa.

"Ndilo jibu hilo?" wifi akauliza.

"Nusu. Nusu nyingine iko kabatini."

Jino lilipokwisha kuwekwa, Mama Kola alipita dukani kwa muuza sarafu njiani kwenda kazini. Bei za kabatini zilikuwa zimepanda. Kazini bosi akamwambia apanue kinywa, akalitazama jino upande huu na upande ule, bila haraka.

"Limekaa vizuri," alisema, akamsogezea kapu la mashati, akamfungulia mlango wa nyuma.