Karafuu za Bi Zeyana

Mimi hasira zangu ziko puani, sifichi. Kwa hiyo nilipokuta karafuu kavu zimefukiwa tena kwenye tuta la mchicha, nikaapa simwachi mtu. Karafuu za kutia kwenye pilau, zimepangwa mstari. Huu kama si uchawi ni nini?

Na siku zenyewe hazikutaka mchezo. Kiwanja ninachofundishia wenzangu bustani, hapa Mkunazini, ni cha Bi Zeyana. Nyumba yake iliporomoka kwa mvua za masika, pakageuka jaa, sisi wanawake wa mtaa tukapasafisha tukalima. Sasa Mansour, mkodishaji vespa, alikuwa anapataka aegeshe vespa zake, na jawabu angepewa kesho yake alasiri. Bi Zeyana mwenyewe kila akipita huziba pua: "Mayasa, watu wa mjini hatulimi sisi. Mboga si ziko sokoni Darajani?"

Basi hiyo kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, nikajibanza nyuma ya ukuta na fagio mkononi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: aliyeingia ni Bi Zeyana, buibui kalikunja, kopo la karafuu kwapani.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

Akaruka.

"Nshapanda na kupanda, hazioti," akasema. "Udongo wako mbaya."

Kicheko kilinipanda, nikakibana mpaka machozi yakanitoka. "Karafuu ni ua, Bi Zeyana. Limechumwa halijachanua, likaanikwa. Ukitaka mbegu, unaacha tunda liive mtini."

Akaliangalia kopo. "Babu alikuwa na mikarafuu shamba, Kidichi, mie sikupelekwa hata siku moja. Mtu wa Unguja, na umri huu, hakuna aliyenambia." Hasira zote zikanitoka.

Alasiri ikafika. Mansour kaja na futi, keshaanza kupima. Wanafunzi wangu wamekaa mkekani. Bi Zeyana akaingia, akawapita wote, akakaa mbele kabisa. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia.

"Bi Zeyana, tumalize," Mansour akasema.

Yeye akaniuliza mimi: "Mwalimu, mkarafuu unachukua muda gani kuzaa?"

"Miaka sita, saba."

Ndipo akamgeukia. "Umesikia, mwanangu. Njoo uniulize wakati huo. Na ondoa mguu, umekanyaga tuta langu."