Kigoda cha Mzee Mirumbe

Onyancha alipomwambia Mzee Mirumbe kwamba yeye ni fundi wa kuchonga, hakusema uongo. Kosa lake ni kwamba alifunga mdomo hapo, bila kuongeza kuwa anachonga mawe. Yeye ni mtu wa Tabaka, na huko mtoto hushika jiwe laini la Kisii kabla hajashika kijiko. Katika kibanda chake pale Homa Bay, wageni waliokuwa wakivuka kwenda kisiwa cha Takawiri walinunua twiga zake za mawe, wakamsifu mpaka kichwa kikavimba. Kichwa hicho hicho ndicho alichokibeba mpaka Kehancha kwenda kuposa.

“Mambo ya ng'ombe nitaongea na wazee wako,” Mzee Mirumbe alimwambia. “Wewe mwenyewe nataka kuona mkono wako. Nichongee kigoda cha mti, nikalie. Uniletee mwisho wa mwezi. Kama huna, usijisumbue kuja.”

“Hiyo ni kazi ndogo sana, baba,” Onyancha akajibu. Jamani, mdomo huo! Hata yeye mwenyewe angependa kujua ni nani aliyekuwa akiuendesha siku ile.

Binti mwenyewe, Nyangi, alikuwa amekwisha kumkubali. Kazi yake ilikuwa kuuza katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, na huko ndiko Onyancha alikokwenda kutafuta patasi, kifua mbele, kama mtu aliyekuja kukagua duka. Akachagua seti iliyong'aa kuliko zote, yenye mipini myekundu.

“Hizo zinauza rangi,” Nyangi akamwambia. “Angalia chuma kwanza, mpini baadaye.”

“Nyangi, wacha. Mimi ni fundi.”

“Sawa, fundi,” Nyangi akasema, akazifunga kwenye gazeti bila kubishana. Kama Onyancha angekuwa hata na akili ya kuku, ile “sawa” ingemtosha.

Akaweka gogo la mvule mbele ya kibanda chake, akapiga patasi ya kwanza. Makali yakajikunja. Ya pili nayo ikachomoka kwenye mpini, ikaruka mpaka kwenye beseni la Dorine, jirani yake muuza dagaa wa omena. Onyancha akalilaumu gogo. Kisha akakumbuka kazi aliyolelewa nayo: jiwe la Kisii huchongwa likiwa limelowa, ili lisitoe vumbi na lilegee mkononi. Akachota ndoo ya maji, akalimwagia gogo lote, akaliacha linywe.

“Yawa!” Dorine akapiga kelele. “Unachonga kiti ama unaosha samaki?”

“Wewe huelewi kazi ya sanaa,” Onyancha akamjibu, huku akiongeza ndoo nyingine.

Jua la Homa Bay halina huruma. Gogo lililolowa likakauka ghafla, likalia ta! likapasuka ufa wa kuingiza kidole. Onyancha akakata kipande kilichopasuka, akasema hata kigoda kifupi kidogo ni kigoda.

Akarudi Migori. Alipoulizwa habari za seti, akasema mpwa wake ameiharibu.

“Mpwa gani?” Nyangi akauliza. “Si uliniambia dada yako hajazaa?”

Onyancha akajifanya hakusikia. Safari hii alichagua kwa njia ya kwao: jiwe huheshimu uzito. Akapima hii mkononi, akapima ile, mpaka akapata patasi nene, nzito, iliyoteremsha mkono wake.

“Hiyo ni ya waashi,” Nyangi akasema. “Ni ya kuvunjia zege.”

“Ndiyo hiyo hiyo ninayotaka.”

Basi akaenda kuvunja. Patasi ile haikukata mti, iliusaga tu. Akaongeza maji ili ulegee, jua likafanya kazi yake, gogo likapasuka tena. Akakata tena. Ijumaa jua lilipozama, Sabato ikaingia, akaweka vifaa chini. Kesho yake kanisani, mchungaji alipowataka waumini wamshukuru Mungu kwa siku ya mapumziko, Onyancha aliona kwamba anayestahili kushukuru hasa ni lile gogo.

Lakini hakucheka kwa muda mrefu. Mwezi ulikuwa unaisha. Alimpenda Nyangi, alimpenda kweli, na sasa angempoteza kwa sababu ya kuona haya kusema neno moja dukani. Wazo hilo lilimuuma mpaka akashindwa kula.

Jumapili akafika dukani kabla ya kufunguliwa. Nyangi alipokuja na funguo, akamkuta amesimama mlangoni mikono mitupu.

“Mimi sijui kuchonga mti,” Onyancha akasema. “Najua mawe tu. Hata maji nilimwagia.”

“Ulimwagia nini?”

“Gogo.”

Nyangi alicheka mpaka akashika ukuta. Alipoishiwa pumzi akafungua duka, akapanga patasi juu ya kaunta, akaanza kuzigonga kwa msumari moja moja. Nyingi zikatoa sauti ya sufuria. Chache zikalia, sauti ikakaa hewani. Hizo akazitenga, akazilaza kwenye kioo kuona kama migongo yake imenyooka, akazungusha mipini kuona kama inacheza. Zikabaki mbili, moja bapa na moja ya mviringo, mipini ya mti mtupu isiyo na rangi. Akaongeza tezo iliyofuliwa kwa springi ya lori. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa jiwe la kunolea.

“Hili nalo?” Onyancha akauliza.

“Patasi nzuri bila jiwe ni bure.”

“Nyangi, mimi ni Mkisii. Unaniuzia jiwe?”

“Nakuuzia. Tena hili usilichonge twiga!”

Akanoa patasi pale pale, akashika mkono wa Onyancha, akapitisha makali juu ya ngozi yake polepole. Vinyweleo vikaondoka. Onyancha hakupumua, na si kwa kuogopa patasi.

Mti mkavu, chuma kikali. Maranda yalitoka marefu, na kwa mara ya kwanza Onyancha aliipenda kazi ile. Miguu mitatu ikatokea, kiti kikainama katikati vizuri, kikang'aa bila rangi yoyote. Shida ilikuwa moja tu. Baada ya kukatwa na kukatwa tena, gogo lilikuwa limebaki dogo kama sufuria ya uji.

Alipokiweka mbele ya Mzee Mirumbe, watu wa ua wote wakasogea kuona. Mzee akakiangalia. Akakiinua kwa mkono mmoja, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kila mguu, akakirudisha chini. Hakujaribu kukikalia, maana hata goti lake lisingetosha. Onyancha alitafuta maneno ya kujitetea, na mdomo wake, ule uliomtia taabuni, ukakataa kabisa kufunguka.

“Nilikuagiza changu,” Mzee Mirumbe akasema hatimaye. “Wewe umeniletea cha mjukuu.”

Nyangi akaficha uso kwa leso. Mzee akaita mkewe aje aone, kisha akamgeukia Onyancha.

“Haya, waite wazee wako. Huyo mjukuu asije akakua kabla hajakikalia.”