Kifungo cha Mkanda wa Gari

Siku ile upepo wa jangwani uliivamia Gafsa kwa joto kali hata, wallahi, kuku wakataga mayai yaliyokwisha kuiva. Mwalimu Dalenda hakucheka na mtu. Tangu alfajiri jicho lake lilikuwa barabarani, akiliogopa gari jeupe la hospitali ya vichaa.

Lilikuwa linakuja kumchukua Ghaith, mwanafunzi wake wa miaka tisa, asiyeona wala kusikia. Mkurugenzi wa shule, Bwana Mokhtar, au Si Mokhtar kama walivyomwita, alitoa miezi mitatu: mtoto aombe japo kitu kimoja kwa hiari yake, la sivyo aondoke. Kila asubuhi Dalenda alimwekea sandukuni kitu cha kumwambia kinachofuata: kijiko maana yake chakula, taulo maana yake kuoga. Kisha aliweka mikono yake chini ya mikono ya mtoto, akangoja. Ghaith alipapasa, akaacha. Miezi ikaisha.

"Leo mwekee biskuti ya tende," Si Mokhtar alisema mlangoni, sigara mdomoni. "Apande akitafuna, asitupigie mayowe."

"Nimdanganye? Sanduku hili ndilo neno langu pekee kwake."

"Haya binti yangu, mwambie kweli. Miezi mitatu umeatamia mawe, leo ndiyo yataanguliwa?"

Dalenda akaweka kifungo cha mkanda wa gari.

Sakafu ikatetemeka. Nyayo za Ghaith zikakakamaa kabla hata honi haijalia. Dereva, Ami Sassi, akaingia na karatasi ya kumchukua mtoto.

Ghaith akakipapasa kifungo. Akakinusa. Akainuka polepole, akaifuata harufu ya tumbaku mpaka kwa Si Mokhtar, akamtia kifungo kiganjani, akamfunga vidole kimoja kimoja. Kisha akamsukuma kuelekea mlangoni.

"Huu ni utovu wa adabu!" Si Mokhtar akafoka. "Hakuomba kitu!"

"Mimi dereva tu, bwana mkubwa," Ami Sassi akasema, "lakini hata mimi nimeelewa. Anaomba uende wewe."

Si Mokhtar alikitazama kifungo, akaichukua karatasi. Akatia saini: gari lirudi tupu.

"Watanituma tena Jumatatu, mwanangu," Ami Sassi akamnong'oneza Dalenda akitoka. "Hawa hawachoki."

Dalenda alipogeuka, Ghaith alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili sandukuni, akipekua kila pembe haraka haraka, kujua kama amewekewa kitu kingine.