Majalada Mawili ya Bibiane

Jumanne moja ya Februari 2015, Bibiane Kalenga alikuwa akipiga pasi mapazia ya mteja katika fleti yake, ghorofa ya nne huko Anderlecht, jijini Brussels, kengele ilipolia. Alifungua mlango akajikuta mwenyewe amesimama ngazini, kavaa gauni aliloliacha Lubumbashi miaka mitatu nyuma, jalada la mahakama kwapani, vumbi jekundu limeganda viatuni.

"Ingia," alisema Bibiane. "Lakini pangusa viatu, nimetoka kupiga deki."

Mgeni akapangusa.

Jambo lenyewe lilieleweka. Mwaka 2012 Bibiane alikwenda Lubumbashi kumuuguza mama yake. Huku nyuma mumewe, Désiré, akahamia mtaa wa Evere kwa mwanamke mwingine. Bibiane akamshitaki huko huko Lubumbashi, na hakimu akaamuru mume amtunze mkewe. Lakini hati yake ya ukaazi ilikuwa inakaribia kwisha, ikambidi arudi Brussels, na kwa kuwa amri ile haikumfuata hadi Ubelgiji, akafungua kesi ya pili. Yule aliyefungua ya kwanza alibaki kwenye benchi la mahakama, maana hakuna aliyemwambia aondoke. Alipochoka kungoja, akaja.

Walikunywa chai.

"Kule wananiambia, Maman, kesi yako iko Bruxelles, uende kule," alisema wa Lubumbashi.

"Na hapa avoka wa Désiré anasema, bon, kesi iko Lubumbashi, arudi kule."

"Donc, basi, hatuko fasi yoyote."

"Hatuko popote."

Bibiane alizungusha kikombe. Mama yao alikuwa amefariki mwaka 2013, naye kwa sababu ya karatasi hakuweza kwenda kumzika. "Ulikuwa naye?" aliuliza.

"Nilimushika mukono. Aliuliza kama unakula muzuri. Nikasema ndiyo."

Bibiane alilia kwa muda mrefu, mara ya kwanza tangu msiba. Mwenzake akainuka, akamalizia mapazia.

Siku ya kesi, karani Jeroen alihesabu vichwa akaongeza kiti. Désiré alimtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Umekonda," alimwambia wa Lubumbashi.

"Ni benchi."

Wakili wa Désiré alisimama akasema mteja wake alioa mke mmoja, na mke mmoja hali katika sahani mbili. Bibiane wa Lubumbashi aliinua mkono.

"Mheshimiwa, hata ile moja hatujaiona."

Hakimu, mwanamke mpole mwenye mafua, aliandika maneno hayo. Kisha akaamua kwamba kisheria hao ni mtu mmoja. Kilichoamriwa Lubumbashi kikatwe kutoka kwa kinachoamriwa Brussels, kana kwamba kimeshalipwa. Kilichosalia kingetosha mkate wa wiki moja. Désiré hakutoa hata huo mkate.

Mwenye nyumba, Monsieur Armand, yeye aliwahesabu wawili. Akapandisha malipo ya maji.

Lakini mikono ilikuwa minne. Mmoja alikata, mwingine akashona. Maman Yolande wa kanisani aliagiza magauni ya kwaya nzima, na Pasaka ilipofika yote yalikuwa yamekamilika, pindo zimenyooka. Bibiane, ambaye kwa miaka mitatu alizungumza na pasi, sasa alikatizwa maneno kila mara na mtu aliyejua tayari atasema nini, na hilo lilimfanya acheke mpaka majirani wagonge ukuta.

Walikata rufaa mbili kwa siku moja: ya huku kupinga makato, na ya kule, kwa barua, kulalamikia amri isiyotekelezwa. Jeroen aliwaonya kwamba huenda ikachukua miaka. Wakamshukuru, wakaweka sahihi mbili zinazofanana, wakashuka kuelekea metro wakibishana kama magauni ya Noeli yawe na mikono mirefu au mifupi.