Kutafuna Kidogo Tu

Hazel Thackray alitaka kitu kimoja tu kwa wenyeji wa kijiji cha Thornby: ukumbi wa kanisa kila Jumatano asubuhi, ili yeye na akina mama wenzake wapate pa kukaa na watoto wao badala ya kusukuma vigari mvuani. Bi Winifred Ackroyd, mwenyekiti wa kamati na mshika ufunguo, hakukataa. Alisema, "Tuone kwanza chakula cha sherehe ya mavuno kitakwendaje, mwanangu." Na mpishi wa chakula hicho alikuwa Hazel.

Kabla ya mapishi likaja suala la jina la kuandika kwenye tangazo. Bwana Desmond Lumb, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amelifikiria tangu kiangazi.

"Karamu," alisema, "ni ya kijiji kizima, watu wanakula mpaka mikanda inalegezwa. Dhifa ni ya wakubwa, hotuba nyingi kuliko nyama. Tafrija unasimama na bilauri, unarudi nyumbani na njaa yako. Sasa kufakamia..."

"Kufakamia hatuandiki, Desmond," akasema Bi Ackroyd. "Tukisema karamu tutaonekana walafi. Tukisema dhifa, tunajisikia. Andika 'kutafuna kidogo'."

Ikaandikwa. Hazel akapika mpaka dirisha la jikoni likatoka jasho: pai za nyama, viazi vya kuoka, jibini kubwa kama gurudumu, keki zilizozama kwenye krimu. Thornby mpishi akiambiwa "kidogo", anajua anatakiwa aijaze meza mpaka ikaribie kuvunjika.

Jioni watu wakaingia, wakaiona meza, wakarudi nyuma. Kila mmoja akachukua jani la saladi na kijipande cha mkate, akakimegamega kama anayelisha kinda la ndege. Hata walioacha kula mchana makusudi waliapa wameshiba.

"Karibu pai, Bwana Lumb," akasema Bi Ackroyd.

"Aa, wewe kwanza."

"Mimi? Nimetoka kula nyumbani, nusura nipasuke."

Tumbo lake likamkanusha kwa sauti. Wote wakaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Hazel aliona Jumatano zake zinamponyoka. Chakula kikibaki, watasema mapishi ya yule binti hayaliki, na hawatamwambia usoni, watamwambia kila mtu mwingine. Ndipo akamkumbuka mama mkwe wake, anayekataa keki mezani kwa heshima zote, kisha anamaliza mabaki yake wakati wa kuosha vyombo, eti yasiharibike.

Akaenda jikoni, akarudi na pipa la taka. Akaliweka kando ya meza, akainua sinia la pai juu yake.

"Basi nitupe tu," alisema kwa upole. "Inauma, lakini nifanyeje?"

Macho yote yakalifuata sinia.

"Usitupe," akasema Bwana Lumb, sahani tayari mkononi. "Dhambi hiyo. Ngoja nikusaidie."

"Na mimi nikusaidie, mpenzi," akasema Bi Ackroyd. "Kwa kukuonea huruma tu."

Wakamwonea huruma kwa foleni iliyonyooka, wakarudi kumwonea tena. Jibini likaisha, keki zikaisha. Bwana Lumb akaenda kulegeza mkanda nyuma ya kinanda, na hakusema hilo ni neno gani.

Kikabaki kipande kimoja cha pai. Hapo mikono yote ikajificha, maana Thornby mtu anayechukua kipande cha mwisho husimuliwa mpaka kwenye mazishi yake. Bi Ackroyd alikitazama, akatazama dari, akakitazama tena.

Hazel akakifunga kwenye karatasi laini. "Mpelekee paka wako, Bi Ackroyd."

"Atafurahi sana," akasema Bi Ackroyd, akakitia mkobani.

Paka huyo alikuwa amezikwa tangu Pasaka, na kijiji kizima kilihudhuria. Hakuna aliyemkumbusha.

Mkono ule ule uliotia pai mkobani ukatoka na ufunguo.

"Jumatano," alisema. "Na wenzako wakija na vitu vya kula, viwe vya kutafuna kidogo tu. Nitapita kuangalia."