Nywila ya Kumfungia Nje Kitindamimba

Mfamasia alikuwa mwanamke wa kusoma maelekezo mpaka nukta ya mwisho, lakini mbele ya kompyuta alikuwa kama mgeni aliyeachwa peke yake kwenye jiko la watu. Bintiye alimtengenezea ukurasa wa mtandaoni wenye picha za marehemu mama yake, pamoja na sauti yake akicheka, na kiungo kikatumwa kwenye kundi la familia. Sasa mfamasia alitaka ukurasa ufungwe, na alijua vizuri anamfungia nani: mdogo wake wa kiume, kitindamimba.

"Mjomba naye ataingiaje?" binti aliuliza.

"Haingii. Kamzika mama yangu bila kunisubiri. Nafika kesho yake nakuta udongo. Sasa picha anataka za nini?"

Binti alijua mama yake akishafika hapo, hata umpigie magoti ni kazi bure. Akamwonyesha pa kubonyeza, ili ukurasa uliokuwa wazi kwa wote uwe wa wenye neno la siri tu. Akamwonya asitumie jina la mtu wala mwaka wa kuzaliwa. Bora maneno kadhaa yaliyoungana. Mfamasia akaandika kwa kidole kimoja, akabonyeza, akanyoosha mgongo kwa fahari. Kisha, ili wadogo zake wawili wasihangaike, akaliandika lile neno la siri palepale pa kuingilia, kwa herufi kubwa.

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama! Umefunga mlango, ufunguo umeuacha kwenye kitasa!"

"Sasa mama zako wadogo watajuaje? Wale wanasahau hata namba zao za simu."

"Waandikie swali la kuwakumbusha. Jibu lake ndilo liwe neno la siri."

Hapo mfamasia akapata raha. Yeye alikuwa kifunguamimba, na kitindamimba alizaliwa yeye akiwa tayari shule ya bweni. Ilikuwepo miaka tele ya mama ambayo yule bwana mdogo hakuiona hata kwa mbali. Akaandika: Kuku wetu kiwete tulimwitaje? Jibu lilikuwa Malkia wa Jalala, na wadogo zake wasingeweza kulisahau, maana kuku huyo aliwahi kuwakimbiza wote wawili.

Kesho yake, chini ya picha ya mama, kulikuwa na maoni ya kitindamimba: "Malkia hakuzaliwa kiwete jamani, alibanwa na mlango."

Mfamasia akawaka. Akawapigia wadogo zake, wakaapa kwamba hawajafumbua mdomo. Akabadilisha swali: Mama alipojifunza baiskeli aliangukia wapi? Kabla ya jioni kitindamimba alishaingia, tena akaongeza kwamba kiatu kimoja kilibaki humohumo kwenye pipa la chokaa.

"Huyu mtoto anafuga majini," mfamasia alisema.

Akabaki na swali moja la akiba. Hili hata wadogo zake hawakulijua, kwa hiyo ukurasa ungefungwa kwa kila mtu, lakini hasira hasara, na yeye alikuwa tayari kuilipa. Siku naondoka kwenda chuo, mama alinipa nini? Alimpa mkasi wake wa kushonea, akiuficha ndani ya soksi, wakiwa wawili tu nyuma ya nyumba, akamkataza kumwambia mtu. Mfamasia hakumwambia hata mumewe.

Asubuhi alikuta alama ya moyo chini ya picha, na jina la kitindamimba kando yake. Safari hii hakuwa ameandika kitu.

Akampigia. Hawakuwa wamezungumza tangu mazishi.

"Nani kakwambia habari ya mkasi?"

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mama. Nani mwingine? Alivyolala pale kitandani, namwogesha, anasimulia. Namlisha, anasimulia. Na kila siku anaanzia kwako, maana wewe ndiye wa kwanza. Dada, utachoka bure. Ukiuliza lolote la mama, mimi naingia."

Ilimuuma mfamasia, na alijua kinachomuuma si ukaidi wa mdogo wake. Yeye alihifadhi visa vichache vya mama kama dawa adimu kabatini, kumbe mwenzake alipewa duka zima. Binti akajifanya anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta.

"Aliniulizia?" mfamasia alisema hatimaye, sauti ikiwa imeshuka.

"Kila siku. Namwambia uko njiani. Siku ile ya mwisho akauliza tena, na hali ilishakuwa mbaya. Nikaona, nitamwambia njiani mpaka lini? Nikamwambia umeshafika, umelala chumba cha pili."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Usimwamshe. Ametoka mbali.'"