Kimya si Jibu

Saa moja kasorobo jioni, Kafedha aliondoa kitambaa kilichofunika televisheni, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye mapaja ya mumewe.

"Baba Josephine," alisema, "leo hutoki. Leo mwanao anaanza kusoma taarifa studio, akiwa kitini, si vitani. Kiti hakiui mtu."

Mzee Nguma alikohoa tu. Kwa miaka minne alikuwa amejiwekea mwiko: saa ya habari ikifika, hubeba kigoda chake akaketi nje ya mlango, akiipa televisheni kisogo. Watu wa Magogoni walikwisha kumzoea. Mtaa mzima ulijivunia Josephine Nguma, binti wa mchonga mawe, aliyeanza kwa kusoma matangazo kanisani, akaenda redioni, akafika televisheni Nairobi, kisha akatumwa nchi za nje kuleta habari za mafuriko, za uchaguzi na za vita. Mtaa mzima ulimtazama, isipokuwa babake.

Lakini msimdhanie vibaya. Mwanzoni hakuna aliyemshinda kwa kutazama. Siku aliyomwona mwanawe amesimama kando ya ziwa lililoganda likawa barafu, watu wanapita juu yake kwa miguu, mzee aliinuka akakigusa kioo kwa kidole aone kama ni baridi. "Huyu ndiye yule aliyekuwa akiniletea sima timboni?" aliuliza. Kesho yake akauliza tena.

Timbo lenyewe, chimbo la mawe, liko Mwakirunge. Huko Nguma alichonga mawe ya kujengea miaka thelathini na mmoja, na huko alifanya kazi na mdogo wake, Ruwa. Siku moja Nguma alikuwa juu, Ruwa chini, na jiwe likalegea. "Ruwa!" Nguma aliita, mara moja. Kimya. Akadhani mdogo wake amekwenda kunywa maji, akalisukuma. Ruwa hakuwa amekwenda popote. Alikuwa ameinama, anagonga, na mlio wa nyundo yake mwenyewe ulimziba masikio.

Tangu siku hiyo timbo lile likawa na sheria, na aliyeiweka ni Nguma. Aliye juu huita jina la aliye chini. Aliye chini huitika, "Niko!" Wa juu huuliza, "Wapi?" Wa chini hutaja mahali aliposimama. Bila hayo mawili jiwe haliguswi, hata kama mwenye lori amesimama pale anatukana. "Kimya si jibu," Nguma aliwaambia vijana kila asubuhi, mpaka wakamchoka. Hata Josephine, mtoto wa miaka tisa na sufuria ya chakula kichwani, hakuruhusiwa kukaribia ukingo mpaka aitwe, aitike, aseme yuko wapi.

Sasa turudi kwenye ule mwiko. Miaka minne iliyopita Josephine alikuwa katika mji ambao jina lake Nguma hajaweza kulitamka sawasawa hadi leo. Msomaji wa habari wa wakati huo akamwita kutoka studio: "Josephine, unatupata?" Wakamwona binti yao amevaa fulana ya kuzuia risasi, kidole sikioni, kisha kioo kikawa cheusi. Msomaji akatabasamu. "Inaonekana tumepoteza mawasiliano. Tuingie kwenye michezo."

"Ameita mara moja!" Nguma alipiga kelele, mpaka majirani wakatoka nje. "Ameita mara moja tu!"

Siku mbili nzima hawakujua kama Josephine yu hai. Alikuwa hai, amejificha kwenye ghala la mchele. Lakini mzee alikwisha kuona alichokiona: watu wa televisheni huita mara moja, kisha huangusha jiwe. Hakutazama tena. Na binti akipiga simu, mazungumzo yao yakawa ni haya: "Shikamoo, baba." "Marahaba. Ngoja nikupe mamako." Josephine alijua sababu, wala hakujitetea. Angejitetea vipi, na ile ndiyo kazi yake?

Jioni hii Mwangi, jirani yao kutoka bara, dereva wa trela, alipiga hodi akiwa amekwisha kuketi. "Mzee! Leo uko ndani? Wacha basi tuone Jose."

Ngoma ya taarifa ikalia, na Josephine akatokea.

Nguma hakuwa amejiandaa. Alimkumbuka mtu wa kukimbia na kuhema, nywele zimejaa vumbi, na hapa alikuwa mwanamke mzima aliyetulia nyuma ya meza kubwa ya kioo, nchi nzima imenyamaza kumsikiliza. Juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu dogo ambalo babake hakuwahi kuliona. Alisema, "Watazamaji, hamjambo," na Nguma akajikuta amejibu, "Hatujambo," kwa adabu zote. Mwangi akacheka. Mzee hakucheka. Alikuwa akistaajabu jinsi maneno yalivyotoka kwa mwanawe moja moja, yamenyooka, kama mawe yaliyopimwa kwa kamba.

Ndipo ikaja habari ya mji ule ule. Hoteli ya waandishi ilikuwa imepigwa bomu muda mfupi uliopita, na aliyekuwa huko sasa ni Lenox, kijana aliyepokea kazi ya Josephine. Picha yake ikawekwa juu ya ramani.

"Lenox yuko nasi kwa simu. Lenox, unanipata?"

Kimya.

Nguma akasimama, kitambaa kikaanguka sakafuni. Alijua kinachofuata: tabasamu, kisha michezo. Alifika mlangoni, mkono juu ya komeo.

"Lenox, unanipata?"

"Watasonga mbele tu," Mwangi akanong'ona. "Hapo kuna bosi anamwambia kwa sikio. TV haingojangi mtu."

Na kweli Josephine alionekana anasikiliza kitu sikioni. Akatikisa kichwa, kidogo sana. Akaweka karatasi zake chini.

"Lenox!" aliita mara ya tatu, na hiyo haikuwa tena sauti ya taarifa. Ilikuwa sauti ya mtu aliye juu akimwita aliye chini. "Lenox, itika!"

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nguma aliusikia kifuani. Alisahau komeo, akarudi hadi kwenye meza ya televisheni.

"Watazamaji, mniwie radhi," Josephine alisema, akitazama mbele. "Kwetu sisi, kimya si jibu. Tutamngoja."

Wakangoja. Nchi nzima ikangoja, mabwana wenye majumba na akina mama wenye masufuria jikoni, wote wamesimamishwa na sheria ya timbo la Mwakirunge. Kafedha aliuma ncha ya leso yake. Nguma alishika ukingo wa meza, na kwa mara ya kwanza tangu amzike Ruwa alilitaja jina la mdogo wake kwa sauti, taratibu, bila kujua kama analitaja.

Simu ikakwaruza. Mtu akakohoa.

"...ko. Niko! Josephine, niko!"

"Wapi?" akauliza Josephine.

"Wapi?" akauliza Nguma, kwa pamoja naye, kwa sauti iliyomshtua Mwangi kitini.

"Chini ya ngazi. Zimeanguka. Upande wa jiko la hoteli."

"Chini ya ngazi, upande wa jiko," Josephine alirudia, polepole, mara mbili, ili wenzake wa studio wawapigie waokoaji, wajue pa kuchimba. Na kabla ya taarifa kwisha alirudi kusema kwamba wamemtoa, mguu umevunjika, lakini anaongea.

Mwangi alipangusa macho akisingizia moshi, na hakuna aliyekuwa akipika. Nguma alikuwa amekaa tena. Aliogopa, ile hofu ya mtu anayeona jambo kubwa kuliko yeye likitoka nyumbani mwake. Yeye alidhani anamfundisha mtoto asitumbukie shimoni tu.

Saa mbili na robo simu ya Kafedha ikalia. Aliangalia jina, akamtazama mumewe, akampa bila ya kuipokea.

Mzee akaipokea, akaiweka sikioni. Akakohoa. Upande wa pili sauti ikaja, ndogo, imechoka, si ile ya televisheni.

"Baba?"

Kafedha alikwisha kunyoosha mkono kuichukua simu, kama desturi.

"Niko," alisema Nguma.

Josephine akauliza:

"Wapi?"

"Ndani," mzee akasema. "Mbele ya televisheni. Sikutoka, mwanangu."